Chupa Sita za Ukwaju

Ukwaju haulali ndani ya shaba. Hilo niliambiwa kabla sijajua kujifunga kanga mwenyewe, na nikaambiwa tena kila msimu mpaka nikalichoka. Upike humo, haya, upike mpaka ukolee; lakini ukishaepua tu uhamishe ungali wa moto, utie katika vyungu au chupa, kisha sufuria isuguliwe kwa jivu na mchanga. Shaba haina ubaya moto ukiwaka. Ubaya wake huja pale kitu kichachu kinapopoa ndani yake. Mama alilisema jambo hili kwa sauti ileile aliyosomea dua, na mimi nikaitikia, "Abee mama, nimesikia," huku akili yangu iko kwa mashoga zangu.

Naanza na hilo ili msije mkaniuliza mwishoni kama nilikuwa najua. Nilijua. Mjukuu wangu anayeniandikia haya amekwisha kuniuliza mara mbili, na akithubutu mara ya tatu nitamnyang'anya kalamu.

Ulikuwa wakati wa Mdachi. Reli ilikuwa imefika Dodoma na kupita, inaelekea Tabora, na sisi ilituacha kando. Mji wetu siutaji. Ulikuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka Dodoma, kwenye njia ya zamani ya misafara: nyumba za tembe zenye paa la udongo, soko dogo, msikiti mdogo zaidi, na juu ya kilima boma jeupe lenye bendera. Misafara ilipokufa, wenye akili walihama. Sisi tuliobaki tulikuwa tunalitazama boma kama kuku wanavyomtazama mwenye mtama. Baba alikuja huko na msafara kutoka Mrima, huko pwani, akaoa, akafa kwa homa, akamwachia mama mtoto mmoja na sufuria moja kubwa ya shaba.

Sufuria ile ilikuwa imepakwa bati ndani, nyeupe, inang'aa. Zamani fundi alikuwa akipita na misafara, anakaa wiki nzima barazani, anapaka upya masufuria ya mji mzima. Misafara ilipokoma na fundi akakoma. Bati likaanza kuchakaa. Kwanza shaba nyekundu ilionekana chini, kiasi cha kiganja, mwaka uliofuata nusu, na kufikia wakati ninaousimulia ndani palikuwa pekundu kote. Mama aliitazama, akatikisa kichwa, akazidisha tahadhari.

Maana sufuria ile ndiyo iliyotulisha. Mama alikuwa akipika ukwaju wa sukari, kitu ambacho siku hizi mnakiita jamu. Kiangazi, mikwaju ya mabondeni inapoiva, tulikuwa tunatoka alfajiri na magunia, tunarudi na ukwaju, tunaubangua, tunautoa nyuzi, tunauloweka katika maji ya uvuguvugu, tunaukamua kwa mikono mpaka kokwa zinabaki tupu. Kisha unachujwa kwa kitambaa, unatiwa sukari guru, iliki, mdalasini na kipande cha tangawizi, na mwiko hautulii kuanzia saa hiyo mpaka adhuhuri. Mama alikuwa akidondosha tone kwenye sahani ya maji. Tone likitawanyika, bado. Likikaa kama shanga, epua. Sijala tena ukwaju kama ule, na nimekula wa watu wengi.

Bibi wa bomani, mke wa Bwana Shauri, Mdachi mkuu wa boma, aliuonja siku moja kwa mpishi wake, basi, ikawa kila msimu chupa sita. Alituletea chupa zake mwenyewe, za kioo kinene, na sukari nyeupe juu yake. Sisi tulikuwa tunaziba midomo kwa nta ya nyuki. Mji mzima walisema mama ana bahati. Mama mwenyewe hakulipenda neno hilo. Kila askari alipokuja kuchukua chupa, alikuwa akisimama mlangoni anamsindikiza kwa macho mpaka apotee kilimani, halafu anasema taratibu, "Mola atusitiri." Nilikuwa namcheka. "Mama, ukwaju tu huu." Ananijibu, "Kinachoingia katika tumbo la Mdachi si ukwaju tu."

Alikuwa na sababu. Nyuma ya boma palikuwa na nguzo mbili na mti uliolazwa juu yake, na kila mtu alijua ni za nini. Nikiwa mdogo tuliitwa mji mzima kwenda kutazama mchunga ng'ombe mmoja aliyemchoma askari mkuki. Mama alinifunika uso kwa kanga yake, lakini kanga ilikuwa nyepesi. Tena tangu vita vya kule kusini Wadachi walikuwa wamekuwa waoga wa vyakula. Ilisemekana katika boma moja la mbali mzungu alikufa baada ya kula, na kabla jua halijatua mpishi wake alikuwa ananing'inia, hakuulizwa hata jina la babake. Kweli au uongo, sijui. Sisi tuliliamini.

Basi, huko juu, kwenye ukuta wa boma upande wa jua la asubuhi, palikuwa na bustani ya Bibi. Alikuwa amekuja na mbegu kutoka kwao katika vijikaratasi, akamtafuta mtu wa kuziotesha. Akampata Mgogo mmoja, mtu mzima, mwenye masikio yaliyotobolewa yakavutwa mpaka karibu na mabega, mpole, mcheshi kwa namna ya watu wasiocheka. Ukimwamkia shikamoo anajibu marahaba, kisha anakuongezea "Mbukwa" ya kwao, ili usitoke mkono mtupu. Alichota maji kwenye visima vya mchangani, mtoni, akayapandisha kilimani kwa vibuyu. Majani yale aliyajengea kichanja cha mabua ya mtama yasichomwe na jua, akayanyunyizia jivu yasiliwe na wadudu. Palikuwa na nanaa, palikuwa na mrehani, palikuwa na kotmiri ya Kizungu yenye majani ya kujikunja, na majani mengine membamba yaliyonukia dawa ya kifua. Yeye mwenyewe hakula hata moja. "Mbuzi wangu nimewapa, wamekataa," aliniambia. "Lakini Bibi anayatafuna mabichi, kwa chumvi na mafuta. Ee, watu wana mambo." Ila alivyoyapenda! Alikuwa akiyapangusa vumbi jani moja moja kwa kidole.

Mwaka ule alikuwa amekwisha kupigwa kofi na Bwana Shauri, mbele ya watu, kwa sababu ya kotmiri iliyokauka alipokwenda kumzika ndugu yake. Lishikeni hilo, maana Bwana Shauri naye alilishika.

Sasa nifike pale nisipopapenda.

Jirani yetu alikuwa anaozesha binti, shoga yangu. Mimi nami nilikuwa nimekwisha kuposwa, na msichana aliyeposwa akienda harusini na mikono myeupe, watu wanamsema. Chupa sita za Bibi zilitakiwa asubuhi ya siku ya harusi yenyewe. Siku ya kuamkia, mama akapika ukwaju, akaukoleza, tone likakaa, kisha akaitwa kwa jirani kusaidia kuchambua mchele. Akaniambia, "Epua, uhamishe sasa hivi katika vyungu, chupa tutajaza kesho. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Nikaepua. Hapohapo mashoga zangu wakapiga hodi. Mama wa hina amebakiwa na bakuli la mwisho, njoo sasa au ukose. Nikatazama sufuria, nikatazama vyungu, ambavyo bado vilikuwa vinataka kuoshwa. Nikasema moyoni, nitarudi mara moja. Nikafunika sufuria kwa sinia, nikaenda. Nikapakwa viganja na vidole, nikafungwa majani na vitambaa mpaka kwenye vifundo vya mikono, nikaambiwa hina ikae hivyohivyo mpaka asubuhi ndipo iwe nyekundu ya harusi. Nilirudi nyumbani siwezi kushika hata kijiko.

Mama alirudi magharibi, amechoka, mgongo unamuuma. "Umehamisha?"

"Nimehamisha, mama."

"Haya, mwanangu." Akajinyoosha kwenye mkeka wake. Hakuinuka kutazama. Kwa nini atazame? Sikuwa nimepata kumdanganya katika jambo la jikoni.

Asubuhi, mama alipotoka kwenda kuchota maji, nikafungua vitambaa, nikaosha mikono, nikafunua sinia. Pembeni, pale ukwaju ulipogusana na sufuria, palikuwa na pete ya kijani kibichi, inateleza, kama ukoga wa kisima. Nikachovya kidole nikaonja. Kulikuwa na utamu, na nyuma ya utamu ladha ya pesa ya shaba uliyoiweka chini ya ulimi.

Ningemwaga. Naijua njia ya nyuma ya nyumba, nalijua shimo la taka, ningemwaga na kusema sufuria imenidondoka, ningepigwa, ningenuniwa mwezi mzima, yangekwisha. Badala yake nikapangusa ile pete kwa kitambaa. Nikakwangua juu. Nikaongeza sukari, nikaongeza mdalasini, nikaonja tena, ladha ipo. Ndipo nikakumbuka nanaa, kwamba nanaa hufunika kila kitu. Nikafunga kanga nikapanda mbio mpaka bustanini.

Mzee alikuwa ananyunyiza maji. "Mbukwa, mwanangu. Mbona unahema?"

"Shikamoo, baba. Naomba nanaa, ya kutia katika ukwaju wa Bibi."

"Mama anatia nanaa siku hizi?"

"Bibi ameagiza."

Ee Mola. Uso wake ulifunguka. Alidhani Bibi amelikumbuka shamba lake. Akanichagulia ncha changa peke yake, akakataa kunipa yenye tundu hata moja, akanifungia katika jani pana, akanipa kwa mikono miwili.

Nikajaza chupa sita, katika kila chupa nikabandika jani la nanaa kwenye kioo lionekane kwa nje. Nikaziba kwa nta. Sufuria nikaisugua mpaka vidole vikauma. Mama aliporudi na maji, askari wa kuchukua chupa alikuwa ameshasimama mlangoni. Mama akainua chupa moja akaielekeza juani.

"Umetia nini humu?"

"Nanaa, mama. Upendeze."

Akanitazama, akacheka, na mama hakuwa mwepesi wa kucheka. "Umeanza kuwa fundi." Kwa kawaida alikuwa akionja kila chombo kabla hakijatoka. Siku ile nta ilikuwa imeshakauka na askari alikuwa anagonga kitako cha bunduki chini. Chupa zikaenda.

Nikaenda harusini nikacheza. Hina yangu ilisifiwa na kila mtu. Nasema haya ili mnijue nilivyokuwa.

Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, wakaja askari wawili. Mmoja tulikuwa tunamfahamu, alikuwa akituletea chupa. Hakutuamkia. "Wewe mama, na binti yako. Bwana Shauri anawaita."

"Kuna nini, mwanangu?" mama akauliza.

Akatazama pembeni. "Bibi anatapika tangu jana. Anasema kitu kimetiwa katika chakula. Bwana amesema Bibi akifa kuna kitanzi. Akipona, aliyetia ataomba kitanzi." Kisha akanong'ona, "Mama, kama kuna jambo, liseme mapema."

Mama akafunga kilemba chake vizuri mbele ya kioo. "Hakuna jambo," akasema. "Mimi najua nilichopika." Na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, ninajua nisichohamisha. Njia nzima ya kupanda kilima nilikuwa najiambia, nitamwambia tukifika kwenye ule mti, nitamwambia tukifika kwenye lile jiwe. Tukapita mti, tukapita jiwe.

Mzee wa bustani alikuwa ameshafika, amekalishwa chini barazani, mikono imefungwa kwa kamba. Aliponiona alinitikisia kichwa kidogo, kama mtu anayesema, usiogope, mwanangu.

Bwana Shauri alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha askari wake, na hilo lilinitisha zaidi, maana hapakuwa na mkalimani wa kukupa muda wa kufikiri. Mezani palikuwa na chupa moja yetu, imeliwa robo, kijiko, na saa yake ya mfukoni. Dirisha nyuma yake lilikuwa wazi. Tulikuwa tunamsikia Bibi ndani, anajitahidi kutapika na hana cha kutoa.

"Mimi sipendi kelele," akasema. "Mke wangu amekula vitu viwili ambavyo mimi sikula. Ukwaju wako, mama, na majani ya huyu. Mmoja wenu ametia kitu. Nataka kujua ni nani, na nitajua kabla ya chakula cha mchana."

Mama akasema, "Bwana Mkubwa, kwetu anayepika ndiye anayeonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni atulie moyo. Mimi sikupata nafasi ya kukuonjea. Nipe kijiko."

Bwana Shauri alimtazama kitambo, akamsogezea chupa. "Si kuonja," akasema. "Kula."

Mama akachota kijiko kikajaa, akatia mdomoni.

Nilikuwa nimesimama mbele yake kidogo, kwa hiyo niliona. Niliona ulimi wake ukikutana na ile ladha. Mama alikuwa amepika katika shaba miaka ishirini, hakuhitaji kuambiwa. Macho yake yakanyanyuka, yakanitafuta, yakashuka mpaka kwenye viganja vyangu vyekundu, yakabaki hapo. Hesabu nzima aliipiga hapohapo, kijiko kingali mdomoni: harusi, hina, vitambaa, "Nimehamisha, mama." Nilidhani atatema. Angetema, angesema ni shaba hii, ni kosa la jikoni, na Mdachi yule angesikia neno moja tu: sumu.

Akameza.

"Tamu," akasema. Akachota tena. Akachota tena. Hakuharakisha, hakukunja uso, alikula kama mtu aliyeketi kwake. Aliula ukwaju ule mpaka nusu ya chupa, akazungusha kijiko pembeni ya kioo, akakiweka mezani taratibu. Tangu hapo hakufungua mdomo tena.

"Keti," Bwana Shauri akasema, akafungua kifuniko cha saa.

Kule chini sokoni mtu alikuwa anapasua kuni. Mama aliketi juu ya kigoda, mikono magotini, mgongo umenyooka. Kwanza midomo ikawa myeupe. Kisha jasho likatokea juu ya mdomo, likashuka kwenye shingo, likalowesha ukosi wa gauni. Mara mbili niliona koo lake likipanda, na mara mbili akalishusha. Nilikuwa najua tapishi limefika wapi. Nilisoma kila aya niliyofundishwa chuoni, nikazichanganya, nikaanza upya. Ningekuwa na ujasiri wa sisimizi ningepiga magoti na kusema, Bwana, ni mimi, ni sufuria. Nilisimama tu.

Hatimaye saa ikafungwa, kwa sauti ndogo. "Jua kali," Bwana Shauri akasema akimtazama mama, na mama akaitikia kwa kichwa. "Basi, si ukwaju." Akaingiza ncha ya kisu ndani ya chupa, akakwangua jani la nanaa lililobaki limenata kwenye kioo, akaliinua. "Ni nani ametia hili?"

Mzee akasema, haraka, kama mtu aliyefurahi kuwa na jibu, "Ni nanaa yangu, Bwana. Binti alikuja, akasema Bibi ameagiza."

"Mke wangu hakuagiza kitu."

"Binti alisema, Bwana. Huyu hapa. Muulize."

Bwana Shauri akamgeukia mama. Mama alikuwa amefumba mdomo, mishipa imesimama shingoni, macho yamejaa machozi. Hakuweza kusema. Neno moja tu lingetoka, na yote yangetoka nalo. Kisha Bwana Shauri akanigeukia mimi.

Mimi tumbo langu lilikuwa zima. Mdomo wangu ulikuwa mkavu, lakini ulikuwa unafunguka. Nikatazama chini, kwenye sakafu, palikuwa na siafu mmoja anaburuta bawa la panzi, nikamtazama huyo siafu mpaka Bwana Shauri akachoka kungoja.

"Nilikupiga kofi mwezi wa tano," akamwambia mzee, bila hasira. "Watu wenu hamsahau."

Wakamwinua. Hakupiga kelele. Alinigeukia mara moja tu, na usoni mwake hapakuwa na hasira hata kidogo, palikuwa na kushangaa. Alikuwa anangoja nikumbuke. Alidhani nimesahau tu.

Mama alishuka kilima kwa miguu yake. Akampita mlinzi, akapita soko, akawaitikia watu kwa kichwa, akanyoosha mpaka nyuma ya boma la miiba la ng'ombe wa jirani, ndipo akaanguka kwa magoti. Kilichomtoka kilikuwa cha kijani. Nikainama nimshike kichwa, akausukuma mkono wangu.

"Usinishike."

Tukiwa pale tukasikia kutoka juu wanaanza kuhesabu. Hamsa ishirini, ndivyo ilivyoitwa adhabu ile, na kila mtoto wa wakati ule anaijua: viboko ishirini na vitano, askari mmoja anapiga, mwingine anahesabu kwa sauti. Mama alitapika mpaka hesabu ilipokwisha.

Bibi alipona, kwa hiyo mzee hakunyongwa. Alitiwa mnyororoni pamoja na wengine saba, shingo kwa shingo, wakapelekwa kazi za reli, na hakuna aliyerudi kutuambia alikofia. Chupa tano zilizobaki zilimwagwa shimoni kwa sababu ya majani, kisha zikarudishwa kwetu zimeoshwa safi, na amri ya kupika nyingine. Mama alipika. Alipika katika chungu cha udongo. Bustani haikupata mtu wa kuipandishia maji, ikakauka kabla ya mvua za kwanza.

Mama aliugua tumbo wiki tatu, macho yakawa ya manjano. Katika wiki hizo hakunipiga, hakunitukana, hakuniuliza. Alikuwa akiniambia leta maji, funga mlango, na basi. Ningetoa chochote anipige. Nilijitia hamnazo, nikafua, nikapika uji, nikafagia hata pasipo na taka.

Alipoanza kukaa barazani, akaja mwanamke mmoja wa Kigogo, mtu mzima, kibuyu kichwani. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alikuwa anakitafuta neno kwa neno. Alikuwa mke wa mzee. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Akatua kibuyu mbele ya mama, maziwa, akasema ni ya mgonjwa, amesikia mama anaumwa. Kisha akasema, "Watu wa mji wananikimbia. Nikiuliza, wanafunga milango. Nyinyi mlikuwepo. Mume wangu alifanya nini?"

Mama akakitazama kile kibuyu. Halafu akanyoosha kidole kwangu.

"Binti yangu ndiye aliyechukua yale majani," akasema. "Yeye anajua. Muulize yeye."

Na wote wawili wakanitazama. Hapakuwa na Bwana Shauri pale, hapakuwa na askari, hapakuwa na saa. Mama alikuwa amenifungulia mlango, akakaa pembeni, anangoja nipite. Nikamtazama yule mwanamke, miguu yake ina vumbi mpaka magotini.

"Sijui, mama," nikasema. "Sisi hatukuona kitu."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Wewe angalau umenijibu." Akajifunga vazi lake la ngozi vizuri, akaondoka njia aliyojia.

Mama akainuka. Akaenda ndani akarudi na bakuli kubwa, akamimina maziwa yote ya kibuyu kile, akanipa mkononi. Akasimama mbele yangu mpaka nikayamaliza.